Kisu Kilichonyimwa Maziwa

Kisu hakiuawi na chuma, huuawa na kiu. Ndivyo mjomba wenu Kobelo alivyomwambia bwana harusi jana, nanyi mkaja kuniuliza kisu kinakunywaje. Basi sogeeni. Methali hii ilianzia kwenye mashine, tena kwa kosa langu.

Babu yenu Mloka alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana moja mjini Morogoro. Mashine huzungusha chuma, kisu kikakimenya kama muhogo. Juu ya kisu kuna bomba dogo linalomwaga maji yaliyochanganywa na mafuta, meupe, nao mafundi wakiyaita maziwa. Yakikaa siku nyingi hunuka kama dagaa waliosahaulika.

Nilikuwa na miezi minne ya ndoa na mimba changa. Mume wangu akiingia tu na harufu hiyo, natapika. Siku moja nikamwambia achague: maziwa yake au mimi. Nilitania, lakini yeye hakucheka. Tangu hapo akawa anarudi mkavu, hanuki kitu, nami nikala nikashiba.

Kumbe alikuwa amefunga bomba. Kisu kisipomwagiwa hupata moto, ncha ikawa ya bluu, ikalika. Ukikinoa, ukali haukai. Kwa wiki mbili aliua visu vitano. Msimamizi wao, Mzee Lukanza, akadhani ni uzembe. Akamwambia kimebaki kimoja, na shafti, ule mhimili wa kuzungusha pampu ya maji ya hospitali, haijaisha. Kikifa na hicho, asirudi kazini.

Jirani akaniletea habari. Nikajifunga khanga, nikaenda. Nikakuta kisu kinafuka moshi. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini moshi wa kitu kinachoungua naujua.

"Maziwa yako yako wapi?" nikamuuliza.

"Nimeyafunga."

"Nani kakutuma?"

Akatazama tumbo langu. "Si ulisema yanakutapisha?"

Mzee Lukanza alikuwa nyuma yetu. Akakohoa. "Wazembe nimewaona wengi," akasema. "Fundi wa kuua visu kwa mapenzi, huyu wa kwanza."

Nikafungua bomba mwenyewe. Maziwa yakamwagika, moshi ukakatika. Nikainamia ndoo ya taka nikatapika, kisha nikajifuta mdomo. "Kutapika nitatapika mimi," nikamwambia. "Wewe rudi umelowa."

Kisu kile kimoja kikamaliza shafti nzima. Mzee Lukanza akakichomoa, akapitisha kidole kwenye ncha, akawaonyesha mafundi: bado kikali. Akasema visu vile vitano havikuuawa na ugumu wa chuma, viliuawa na kiu. Mafundi wakalichukua neno lile hadi majumbani, likawa la kuwaambia wanaooana.

Maana hata mtu, wajukuu zangu, kazi ngumu ataiweza. Kinachommaliza ni kukosa wa kumpoza. Babu yenu alikereza miaka thelathini, na kila jioni nilimpokea mlangoni na harufu yake. Kisu hakiuawi na chuma, huuawa na kiu.