Unga Mweusi na Ufunguo wa Kisima

"Kunasa si kazi, kazi ni kuachia." Kauli hiyo mmeisikia leo kwa mafundi wa maabara ya maji, mkauliza imetoka wapi. Ilianzia kwenye unga mweusi usiojaza hata ncha ya kijiko.

Zamani, kupima sumu katika maji kulitaka ndoo nzima. Kisha ukaja unga wa kaboni, ambao chembe zake ni mirija myembamba kuliko unywele mara maelfu. Fundi Nakijwa aliushindilia kidogo kwenye ncha ya bomba la sindano, akapitisha vijiko viwili vya maji, sumu ikanasa kwenye unga. Baadaye aliusuuza unga kwa matone ya spiriti ili sumu itoke, na matone hayo ndiyo yaliyoingia kwenye mashine ya kupimia sumu.

Siku hiyo alipima maji ya kisima kilichofungwa kwa kuwa kilikuwa jirani na ghala bovu la dawa za wadudu wa pamba. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Senkoro, alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, ufunguo wa pampu mkononi. Kwa miezi saba wanawake wa kwao walikuwa wakifuata maji mtoni, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi.

Mashine ikatoa sifuri. Nakijwa akarudia mara mbili. Sifuri.

"Tia sahihi barua ya kukifungua kisima, mwanangu," alisema mzee. "Sifuri haina mjadala."

"Sifuri ya nani, mzee? Ya kisima au ya unga?"

"Wasomi nyie. Mkipata sumu shida, mkikosa shida."

Nakijwa alikuwa amechoka, miguu imevimba, na barua ilikuwa mezani. Hakutia sahihi. Alichukua maji safi, akayatia sumu kwa mkono wake, kiasi anachokijua, akayapitisha kwenye unga. Mashine ikasema sifuri.

"Nimeitia mwenyewe," alisema taratibu. "Imeingia, haijatoka. Unga umeing'ang'ania."

Akaacha spiriti, akachukua kiyeyushi kikali zaidi, akasuuza tone kwa tone. Sumu aliyoitia ikaonekana, karibu yote. Akarudia maji ya kisima. Sumu yake ilizidi kiwango cha usalama mara nne.

Mzee Senkoro aliinama kuutazama unga. "Lakini unga wenu ulinasa tangu mwanzo."

"Kunasa si kazi, mzee. Kazi ni kuachia."

Mzee aliutazama ufunguo. "Nikirudi nao nitafungua. Najijua. Wakinililia siku mbili tu, nafungua."

Akauweka mezani. Vidole vyake vilichelewa kuuacha. Kisha akaenda stendi, mikono mitupu, kurudi kijijini kuwaambia waliokuwa wakimngoja.

Kunasa si kazi, kazi ni kuachia.