Kindi Aliyeshika Saa

Haya, mpo?
— Tupo!
Masikio?
— Wazi!
Na mioyo?
— Tumekuja nayo!
Basi ishikeni vizuri, maana hii ya leo inauma.

Msituni palikuwa na banda la gemu. Gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kupita mapango saba mpaka ulipige joka la mwisho. Wanyama hawakushindana kumaliza tu, walishindana nani amalize upesi zaidi. Na desturi yao ilikuwa hii: anayecheza anashikiwa saa na ndugu yake. Joka likianguka, puu! ndugu anabonyeza saa, ka! Jina na muda vinaandikwa ukutani kwa chaki.

Jina la juu kabisa lilikuwa la Siwema, mdogo wake Kindi. Siwema aliugua kifua, akacheza mara ya mwisho huku anakohoa, kaka yake kamshikia saa. Masika yalipokwisha, Siwema naye hakuwepo. Kindi hakubakiwa na kitu chake, hata kitambaa. Alibakiwa na lile jina ukutani tu, na kila asubuhi alikwenda kuliangalia.

Akaja Kiboko. Kiboko ana ubavu, Kiboko ana tamaa, Kiboko akiona kitu anataka kiwe chake. Akakaa, benchi likalia nyiii! Akacheza. Saa akajishikia mwenyewe, na nani wa kumwambia?

"Nimempita Siwema!" akanguruma. "Futeni jina lake, andikeni langu juu!"

Wanyama wakatazamana. Meno ya Kiboko mnayajua.

Kindi moyo ulimuuma sana. Lakini kulia mbele ya Kiboko ni kazi bure. Akajichekesha, akasogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Mzee, saa hii inakuonea. Kila ukimaliza pango, skrini inakuwa nyeusi, unasubiri pango jingine lifunguke. Muda ule si wako. Mashine inarekodi kila mchezo, picha na sauti. Tuhesabu picha moja moja, tuutoe."

"Muda wangu utapungua zaidi?"

"Sana, mzee."

"Utoeni wote!"

"Ila sema wewe mkubwa, wasije wakabisha: rekodi itakayokataliwa na picha, ifutwe."

"Ifutwe!" Kiboko akanguruma, sauti ikasikika mpaka bondeni.

Wakahesabu. Picha moja, tiki. Picha nyingine, tiki. Giza likatolewa, tiki. Kiboko anatabasamu. Wakafika kwenye joka. Mara ikasikika saa ya Kiboko, ka! Joka bado linatembea. Tiki. Bado linatema moto. Tiki, tiki, tiki. Banda zima likaangua kicheko. Joka lilipoanguka, Kiboko alikuwa nyuma ya wote, na jina lake likafutwa.

Kindi akashusha pumzi.

"Ngojeni!" Kiboko akasema. "Sheria nimeitoa mimi, na sikusema Kiboko peke yake. Mpimeni na Siwema."

"Marehemu mwacheni," Kindi akasema. "Nawaomba, jamani, mwacheni."

Wakafungua mchezo wa Siwema. Picha moja, tiki. Picha nyingine, tiki. Kikohozi kikasikika ndani ya mashine, kisha sauti nyembamba: "Kaka, nimefika?"

"Umefika, mdogo wangu. Pumzika," ikajibu sauti ya Kindi, na saa ikalia, ka!

Joka lilikuwa bado limesimama. Siwema aliendelea kulipiga, hajui kwamba saa imeshafungwa, anakohoa na kupiga, anakohoa na kupiga, mpaka likaanguka.

Safari hii hakuna aliyecheka. Hata Kiboko alitazama chini. Lakini sheria ilikuwa imeshatamkwa. Wakapimwa na wengine wote, nafasi ya juu akapewa Nungunungu, ambaye alishikiwa saa na shemeji yake asiyempenda, ndiyo maana muda wake ulikuwa sahihi.

Kindi akaomba afute mwenyewe. Akalifuta jina la mdogo wake kwa mkia, polepole, herufi moja moja, huku analia bila kujificha.

Ngano yangu naitua hapa. Anayetaka kucheka acheke, anayelia tutamsubiri. Na funzo lake, wanangu? Pimeni kila kitu sawasawa, hasa cha wale mnaowapenda. Mwenye kipimo sahihi hapotezi chochote.

Muulizeni Kindi.