Fisi na Wajomba Kumi na Wawili

Mwaka huo jua lilikausha mito yote, likakausha na mate. Maji yalibaki kwenye bwawa la Simba tu, nalo alilizungushia miiba ili mtu asitie hata kidole. Wanyama walipoanza kutafuna magome, Simba aliona haya kuwa mfalme wa mifupa. Akamruhusu Kobe atupe wavu, mara moja tu.

Wavu ukatoka na samaki kumi na wawili. Lakini samaki gani? Si perege, si kambare. Bapa kama sahani, matumbo ya manjano, na kila mmoja ana doa jeusi nyuma ya shavu, kama sikio lililobandikwa na mlevi.

"Mzee, hawa ni nani?" Kobe akauliza.

"Bwawani mwangu hamna nisichokijua," Simba akanguruma. Akawatazama weee. "Ila leo wamegeuza nyuso."

Basi ikawa kazi. Nchi ile, asiyejulikana ukoo haliwi, usije ukamtafuna shemeji ya mtu. Watoto wakakaa na vyungu vitupu, wakingoja ukoo utajwe.

Fisi, ambaye ni tumbo lililoota miguu, akajitupa chini. "Uwii, wajomba zangu! Tazameni madoa hayo. Madoa ni ya kwetu. Nipeni nikawazike." Mate yakimchuruzika, akasema ni machozi yamepotea njia.

Alikwishafungua mfuko wake Sungura alipomshika mkono. Sungura huyo kwa shughuli za watu hakosi.

"Pole, kaka. Kumi na wawili kwa siku moja! Kaa mkekani." Akamnyoa kichwa kabla hajajibu. "Matanga siku tatu kwa kila mjomba, na mfiwa hagusi kitoweo. Siku thelathini na sita. Maji tutakuletea."

"Hatuwezi kuwalilia kwa pamoja?"

"Wajomba wote hao, matanga mamoja? Watu watakuonaje?"

Fisi akakaa. Adhuhuri haijafika, njaa ikamshinda. "Si wajomba zangu," akasema. "Siwajui hata kwa sura."

"Basi hawana ukoo, tuwatupe," Kobe akasema. Watoto wakaanza kulia, na hao hawakuwa wakiigiza.

Sungura akamsogelea Simba. "Mzee, watu wananong'ona. Eti hujui kilichomo bwawani mwako."

Simba akatimua manyoya. "Nani kasema? Hao ni ukoo wa Sahani. Nawajua toka wadogo. Hawana ndugu nchi kavu."

Ukoo wa Sahani! Hakuna aliyethubutu kucheka. Vyungu vikapandishwa mekoni.

Fisi naye akaja na bakuli.

"Wewe hapana," Sungura akamwambia. "Asubuhi umewanyolea kichwa, mchana uwatie chumvi?"

Wakala mbele yake mpaka miiba. Yeye akabaki mkekani na upara wake.

Tangu siku hiyo fisi akilia, hakuna anayeuliza kafiwa na nani. Watu wanafunika vyungu.