Boriti za Kombo

Mchoma boriti hulala na chokaa. Mmeisikia sokoni mkacheka, sasa mwataka asili yake. Haya, methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu bwana harusi ndiye anayeletwa nyumbani kwa binti, na baba humjengea bintiye chumba. Kombo, bintiye Mwanatumu alipoposwa, kwa kupenda makuu, aliibomoa nyumba nzima ya marehemu babake ili ajenge mpya. Yeye na mkewe wakahamia kibanda cha uani. Tanuri la chokaa lilipotaka kuni, akalilisha boriti za mikoko zilizobeba dari ya mzee miaka yote.

Mamake, Bi Rukia, akamshika mkono. "Mwanangu, hizo zimekauka mpaka zinalia kama chuma. Zirudishe juu."

"Mama, Mwanatumu aolewe chini ya vikongwe?"

 Bi Rukia alizikokota chache, akatengenezea zizi la mbuzi wake.

Chokaa ikatoka nyeupe, tele. Boriti mpya nazo zikaletwa mbichi, bado zatoa maji. Fundi Shali akaomba zikaushwe kwanza. Kombo akasema harusi haingoji. Dari nzito ya mawe na chokaa ikapandishwa juu yake.

Asubuhi ya harusi Mwanatumu alikuwa chumbani akitiwa hina miguuni na wanawake. Vumbi jeupe likamwangukia mapajani. Kisha boriti moja ikalia: ta! Dari ikapinda, palepale juu ya mlango.

"Msikimbie!" Shali akapaza sauti. "Mkiutikisa mlango, yote yashuka!"

Kombo aliruka akaisukuma dari kwa mikono, mishipa ya shingo imemsimama. "Mama! Boriti zako, mama!"

Zizi likang'olewa, mbuzi wakatawanyika mtaani. Boriti kuukuu zikasimamishwa chini ya dari, zikalia, zikashika. Wanawake wakapita chini yake, hawapumui. Mwanatumu alibebwa na babake, hina ikimchafua kanzu. Hawajafika uani, upande wa pili wa dari ukaporomoka.

Ndoa ilifungwa. Kombo na mkewe wakawaachia maharusi kibanda. Mke akalala kwa Bi Rukia, Kombo kwenye banda la chokaa.

Alfajiri waendao msikitini walimkuta mweupe toka kope hadi nyayo.

"Kombo, vipi umelala humu?"

Akazitazama zile boriti zilizosimama peke yake kwenye kifusi, machozi yakimchora mashavu.

"Mchoma boriti," akasema, "hulala na chokaa."