Dereva ni Anayekaa Kushoto

Si zamani sana, Mwajabu wa Biharamulo alivuka mpaka na lori la nyanya zilizokwisha kuiva. Huko ng'ambo magari hupita kulia na usukani huwa kushoto. Wake ulikuwa kulia, na Koplo Ndikuma wa polisi wa barabarani, mpenda nyanya, aliuona kutoka mbali.

"Mama, umekaa kiti cha abiria."

"Usukani uko huku, afande."

"Kwetu dereva ni anayekaa kushoto. Wewe ni abiria tu. Nipe nusu ya mzigo, ama lori likalale kituoni."

"Zitaoza, afande."

"Sheria haiozi."

"Haya, twende kituoni. Panda unionyeshe njia."

Koplo akapanda kushoto, kofia sawasawa. Mwajabu akaendesha kwa adabu zote mpaka kwenye kipilefti mbele ya kituo. Hapo akazunguka kwa mtindo wa kwao, akakutana uso kwa uso na gari la mkuu wa kituo.

Mkuu akashuka amefura. "Nani dereva hapa?"

Mwajabu akaweka mikono mapajani. "Mimi abiria, mkuu. Koplo amenifundisha kwamba kwenu dereva ni anayekaa kushoto."

Mkuu akazunguka hadi dirisha la kushoto. "Koplo, leseni ya lori."

Koplo hakuwa na hata ya pikipiki. "Dereva ni huyu mama, mkuu," akasema upesi. "Amekaa panapostahili kabisa. Ni mgeni, nami nilikuwa namwonyesha njia ya sokoni."

"Basi mwonyeshe," akasema mkuu. "Tena umtangulie kwa miguu, asipotee."