Asidi ya Mwaka Jana

Binti mmoja wa kidato cha sita, jina lake Atupele, alikuwa na nia moja tu: kusomea ufamasia. Bila alama nzuri za kemia, nia hiyo ingebaki hewani. Basi alijifunga kibwebwe, akaipitia mitihani yote ya nyuma, mpaka majibu yake akawa anayajua kama anavyolijua jina la mama yake.

Siku ya mtihani wa vitendo aliingia maabara bila wasiwasi. Kazi ilikuwa ile ile aliyoizoea: kudondosha asidi kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, tone kwa tone, ndani ya chupa yenye maji ya magadi yaliyotiwa dawa ya manjano, mpaka rangi hiyo igeuke, hapo afunge koki na kusoma kipimo. Rangi iligeuka kwenye ishirini na mbili na nusu. Atupele akashtuka. Mwaka uliotangulia, jibu la swali kama hilo lilikuwa ishirini na tano kamili. Maskini, hakuwa amekosea hata tone moja, lakini nani angemwambia?

Akaifuta namba ile mpaka karatasi ikakwaruzika, akaanza upya. Rangi ikageuka palepale. Safari hii hakufunga koki. Aliiacha asidi iteremke mpaka ishirini na tano, chupa ikawa nyekundu pyu. Mara ya tatu akafanya vivyo hivyo. Jedwali lake likapendeza, namba zikikubaliana kama mashahidi waliopangwa.

Alipotoka alimkuta mlangoni Mwalimu Ndimbo, aliyeichanganya asidi ya mtihani, akamsimulia kwa furaha kwamba amepata ishirini na tano kamili, kama mwaka jana. Mwalimu akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la koti lake jeupe.

"Asidi ya mwaka jana ilikwisha mwaka jana, mwanangu," akasema. "Hii ya leo nimeipima mwenyewe, na wasahihishaji nimekwisha kuwaandikia nguvu yake ilivyo."

Atupele akaketi kwenye ngazi, akalia. Kama angekuwa hajui, angejisamehe. Lakini rangi aliiona ikigeuka, mara tatu, kwa macho yake mwenyewe.

Nanyi mnaonisikiliza, ni rangi gani mmekwisha kuiona ikigeuka, na mkono wenu bado unamimina?