Pimbi na Mashindano ya Karata ya Jabalini

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, enzi ambazo mawe yalikuwa bado na usingizi, Bi Pimbi aliishi na wanawe watatu juu ya jabali jekundu. Kila asubuhi, ukungu uliposhuka mtoni, walijilaza pale juu kuota jua. Pimbi asipoota jua hata kutafuna hawezi. Damu yake hukawia kuamka.

Mwaka mmoja masika yakazidi. Kobe, Kanga na Ngedere wakajibanza kwenye ufa wa jabali, na Bi Pimbi akatoa karata wapitishe mvua. Kila mmoja alificha karata zake tatu, akaweka kokoto katikati. Mwenye moyo aliongeza kokoto. Mwenye hofu alisema "naacha", akapoteza alizoweka. Waliobaki walifunua, na mwenye karata kubwa akazoa zote. Kivuli cha jabali kilipogusa mto, aliyekuwa na kokoto nyingi alipewa pera moja. Mvua ilikuwa imekatika zamani, wala hawakujua.

Mwaka wa pili wakaja wanane. Wa tatu, ishirini na sita. Wa tano walivushwa hata wasiojua kuogelea, mgongoni kwa Kiboko, na karata zikichanganywa, charrr, charrr, bonde zima lilisikika kama majani makavu yanayoongea usingizini.

Hapo ndipo Nyati alipojifanya mwenyekiti. Akamteua Korongo kugawa karata, kwa sababu ya shingo yake ya heshima.

"Bi Pimbi," akasema, "wewe utapitia nyuma."

"Nyuma ya wapi, Bwana Mwenyekiti? Hapa ni kwangu."

"Ndiyo maana hutapotea."

Mwaka wa saba Nyati akaja na jambo jingine. "Watazamaji hawana pa kukaa. Wewe na wanao mtahamia bondeni."

"Bondeni jua huchelewa. Wanangu watakufa kwa baridi."

"Wafundishe kukimbia, watapata joto."

Bi Pimbi akasema taratibu, "Basi tulichezee. Nikishinda, jabali ni letu daima. Nikishindwa, nahama siku hiyo hiyo."

Nyati akakubali upesi mno. Alikuwa amegundua jambo: kila Bi Pimbi alipopata karata nzuri, aliinua uso akalikodolea jua bila kupepesa, kama pimbi peke yao wawezavyo. Alijisifia ugunduzi huo mwitu mzima, hata ukamfikia mwenyewe Bi Pimbi. Naye hakuiacha tabia hiyo. Alikuwa ameitunza misimu miwili, kama mtu anayetunza mbegu.

Siku ya mashindano ikafika. Alasiri wakabaki wawili tu, Nyati akiwa na kokoto thelathini, Bi Pimbi kumi na mbili.

Korongo akagawa. Bi Pimbi akachungulia: mbili, nne, saba. Takataka tupu. Moyo ukampiga du, du, du. Akainua uso, akalitazama jua.

"Naacha," akasema Nyati.

Karata nyingine, mbovu kuliko za kwanza. Akalitazama jua.

"Naacha. Leo umeoga kwa dawa gani, bibie?"

"Maji ya mto tu, Bwana."

Jua likawa la dhahabu, kisha la asali. Naacha. Naacha. Kokoto zilihama moja moja, kimyakimya, kama mchwa wanaorudi kwao. Mwishowe kila mmoja akawa na ishirini na moja.

Safari hii Nyati akapata ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Akaweka kokoto tano. Bi Pimbi akazisukuma zake zote katikati, akalikodolea jua.

Nyati akamtazama machoni. Akamtazama tena. "Hunipati," akanong'ona. "Naacha. Nitazirudisha mgao ujao."

"Mgao upi?" akauliza Korongo, akinyoosha shingo. "Kivuli kimegusa mto."

Nyati akageuka. Kweli, maji yalikuwa meusi ukingoni. Kati ya wote pale, ni mmoja tu aliyekuwa akilitazama jua, na ndiye pekee aliyejua limebaki kiasi gani.

"Nionyeshe basi ulikuwa na nini," Nyati akaomba.

"Tatu, tano na sita," Bi Pimbi akajibu, akizifunua. "Ukitoka, Bwana Mwenyekiti, pitia nyuma."

Asubuhi yake pimbi wanne walilala juu ya jiwe la moto, na wako huko hadi leo.

Ajionaye bingwa wa kusoma macho ya mwenzake, huyo husoma alichoandikiwa.